Mambo ya Nyumbani: Asili ya Chupa ya Pilipili

 Desturi ya sehemu hii ni kusema habari za kazi ambazo mtu na mkewe na watoto wao waweza kuzifanya bila kuiacha nyumba yao. Mwezi huu tumechagua pilipili ya chupa. Kwa macho ni kitu kidogo. Hukaa pembeni mwa meza, wala hakimshibishi mtu. Walakini ziko nyumba zilizosomesha watoto kwa kitu hicho kidogo, na ziko nyingine zilizoanza kwa furaha zikakoma kabla ya mwaka wa pili. Basi twauliza: kazi hii huzaliwaje, na ni kitu gani kinachoiua?

Pilipili ilikotoka

Kwanza yafaa tujue ya kuwa pilipili yenyewe ni mgeni katika nchi yetu. Asili yake ni bara la Amerika, na watu wa huko waliilima na kuila maelfu ya miaka kabla Columbus hajafika kwao mwaka 1492. Wareno ndio walioichukua katika merikebu zao, na katika karne ya 16 ikaenea pwani za Afrika na Bara Hindi. Kabla ya hapo watu wa pwani walijua pilipili manga tu, ile nyeusi iliyotoka Bara Hindi. Ile mpya ikapewa jina la ndugu yake wa kambo, ijapokuwa miche yake haina ujamaa wo wote. Katika kamusi za zamani mtaona ya kuwa pilipili hoho ni ile nyekundu iwashayo. Siku hizi mkitaja hoho sokoni mtapewa lile tunda kubwa lisilowasha kamwe. Zile ziwashazo twaziita pilipili kichaa, iliyo ndogo na nyembamba, na pilipili mbuzi, iliyo ya mviringo na yenye harufu nzuri.

Mche huu hupenda joto. Mji wa Njombe uko juu sana, karibu meta 2,000 kupita usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba umande huganda usiku ukawa barafu. Baridi hiyo huuchoma mche wa pilipili kama moto. Mwenye kuupanda Njombe afadhali auweke penye ukuta unaopokea jua, tena aufunike usiku wa baridi kali. Lakini mwenye kutaka pilipili za kuuza hapana budi anunue nyingi kutoka sehemu za chini zenye joto, kama vile bonde la Usangu. Hilo ni gharama, nasi tutalirudia katika hesabu.

Kazi huzaliwa mezani

Watu wengi hudhani ya kuwa biashara huanza kwa mtaji. Kazi ya pilipili aghalabu huanza kwa mgeni aliyekula akauliza. Itazameni Makambako. Njia itokayo Songea na Njombe hukutana pale na njia kuu, ambayo upande mmoja yaenda Iringa na Dar es Salaam, na upande wa pili yaenda Mbeya hata Zambia. Tena pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mabasi husimama, watu hushuka na njaa, na mama ntilie huwapa wali na maharage, au ugali na nyama, au chipsi. Katikati ya meza pana bakuli ya pilipili aliyoipika mwenyewe asubuhi. Vitunguu vyake huenda vimetoka Ruaha Mbuyuni na nyanya zake Ilula, maana njia ile ile iletayo watu huleta na vyakula.

Mgeni hula, hutokwa jasho, hufurahi. Akiisha kunawa mikono husema, “Mama, pilipili hii ni ya wapi?”

“Ni ya kwangu mwenyewe, mwanangu.”

“Hebu nitilie kidogo kwenye chupa, niende nayo Songea.”

Hapo ndipo kazi ilipozaliwa. Hakuna mkutano uliofanyika wala mkopo ulioombwa. Mtu mmoja alikula kitu kizuri akataka kukila tena mahali ambapo mpishi hayupo. Lakini ndugu zetu, liangalieni sana neno hilo la mwisho, maana shida yote ya kazi hii imo ndani yake. Pilipili iliyo bakulini huliwa leo, mbele ya macho ya aliyeipika. Pilipili iliyo katika chupa itakaa mwezi au mwaka, katika joto la basi na giza la kabati, mikononi mwa watu wasiomjua mpishi, nayo lazima iwe njema vile vile. Kuipika ni jambo moja, na kuitunza ni jambo jingine.

Mifano miwili ya waliotangulia

Twataka kuwapa mfano wa jirani zetu wa Rwanda. Kaskazini ya Kigali, katika njia iendayo Musanze, pana mahali paitwapo Nyirangarama. Mwaka 1983 kijana mmoja, jina lake Sina Gérard, alianza biashara ndogo kando ya njia hiyo, akiwauzia wasafiri mandazi na vyakula. Kutoka mwanzo huo zikazaliwa kazi nyingine nyingi, na iliyojulikana kuliko zote ni mafuta ya pilipili yaitwayo Akabanga. Hutiwa katika chupa ndogo sana, mfano wa chupa ya dawa ya macho, na mlaji hudondosha tone moja au mawili tu, maana ukali wake ni mwingi. Sasa yauzwa hata nchi za mbali.

Twaona mambo mawili ya kujifunza kwake. La kwanza, Nyirangarama ni mahali pa kusimama mabasi, kama Makambako; wasafiri wenyewe ndio waliozichukua habari zake kwenda nazo mbali. La pili, hakutegemea pilipili za bahati. Aliwapa wakulima wa kwao mbegu, akanunua mavuno yao. Maana mwenye kupika kwa pilipili za soko tu leo atapata kali, kesho za upole, na kesho kutwa hatapata kabisa.

Mfano wa pili watoka mbali zaidi, Marekani. Edmund McIlhenny alikuwa mtu wa benki katika mji wa New Orleans. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hata 1865 ikamharibia mali yake, akawa anakaa kwa jamaa za mkewe katika kisiwa cha Avery, mahali penye machimbo ya chumvi. Huko akapanda pilipili. Alizisaga zikiwa zimeiva, akazichanganya na chumvi ya pale pale, akaziacha zichachuke, kisha akatia siki na kuchuja. Chupa zake za kwanza zilikuwa ndogo, za namna ya kutilia manukato. Mwaka 1869 aliuza chupa 658, na mwaka 1870 akapata hati ya serikali ya kulinda ufundi wake. Hiyo ndiyo pilipili iitwayo Tabasco, nayo hata leo hukaa katika mapipa ya mti kwa miaka hata mitatu kabla ya kutiwa chupani.

Msidhani twawaambia mkae miaka mitatu! Twataka mwone hesabu ile ya 658. Mtu huyo alijua chupa zake zilikuwa ngapi. Je, katika nyumba zetu ni nani ajuaye alipika chupa ngapi mwezi uliopita, na ngapi zililipwa, na ngapi walichukua jamaa?

Adui aliyefichika

Sasa twafika katika jambo kubwa kuliko yote, nasi twawaomba walimu walisome mbele ya watu. Wengi husema, “Pilipili ni kali, kwa hiyo haiozi.” Hilo si kweli. Ukali wa pilipili huchoma ulimi wa mtu. Hauwazuii vijidudu vyote. Wako vijidudu vikaavyo katika udongo ambavyo mbegu zake hushika vitunguu saumu na mboga. Vikifungiwa mahali pasipo hewa, penye unyevu na pasipo uchachu, huamka na kutoa sumu. Sumu hiyo yaweza kuwamo bila harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Hulegeza viungo vya mwili, mwisho hukata pumzi. Chupa iliyofungwa vizuri ndiyo nyumba inayoipenda.

Wengine hujibu, “Sisi huchemsha sana.” Lakini mbegu za vijidudu hivyo hazifi kwa maji yachemkayo. Tena sisi tukaao juu tuna shida zaidi ya watu wa pwani. Dar es Salaam maji huchemka kwa joto la nyuzi 100. Kadiri mtu apandavyo juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila meta 300. Kwa hiyo sufuria ya Njombe ikitokota, joto lake ni nyuzi 93 hivi tu. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva huku kwetu. Basi mama aliyejifunza kwa dada yake wa pwani, akahesabu dakika zile zile, ajue ya kuwa hakupika sawasawa naye.

Kinachotulinda hasa ni uchachu. Siki, maji ya ndimu, au uchachu utokao katika pilipili zenyewe zikichachushwa kwa chumvi, huwazuia adui hao wasiamke. Wenye elimu wana kipimo cha uchachu kiitwacho pH: kadiri hesabu inavyopungua, uchachu umezidi. Chini ya 4.6 vijidudu hivyo haviwezi kuota, na wapishi waangalifu hushuka hata chini ya 4 ili wawe na nafasi. Viko vipande vya karatasi vya kupimia, hubadilika rangi vikichovywa. Mwenye kuuza chakula cha chupa asikose kuwa navyo, kama vile fundi cherehani asivyokosa futi yake.

Kwa kuchachusha, pilipili zilizosagwa hutiwa chumvi gramu 20 hata 30 kwa kila kilo moja, zikandamizwe zisielee juu, na chombo kisifungwe kabisa, maana hutoa pumzi. Palipo na joto la kadiri siku 7 hata 14 zatosha. Njombe wakati wa baridi hukawia zaidi. Zikiota ukungu wenye manyoya, zimwagwe zote. Kisha hutiwa siki, huchemshwa, na kutiwa zingali moto katika chupa zilizooshwa na kuchemshwa pia. Chupa za zamani zilizokuwa na dawa ya mashamba au mafuta ya taa zisitumike kamwe, hata zikioshwa mara kumi. Na vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta matupu, bila siki, visiuzwe wala visiwekwe akiba, ijapokuwa vyapendeza machoni.

Hapa mtaona faida ya kupika kidogo kidogo. Mwenye kupika chupa 20 kwa mara moja, akiandika juu ya kila chupa siku ya mpiko, akisikia moja imeharibika aweza kuzitafuta 19 nyingine siku ile ile. Hasara yake ni ndogo, na jina lake halikufa. Aliyepika 500 bila alama yo yote hana la kufanya ila kungoja habari.

Hesabu bila kujidanganya

Adui wa pili ni hesabu isiyoandikwa. Tufanye mfano wa kujifunzia tu, maana bei hubadilika kila msimu. Tuseme mama mmoja wa Njombe amepika chupa 20. Pilipili zimemgharimu shilingi 6,000, siki 4,000, vitunguu 3,000, chumvi 500, kuni 3,000, chupa mpya 10,000, na nauli ya kwenda Makambako na kurudi, sehemu yake ya siku ile, 4,000. Jumla ni 30,500. Gawanya kwa 20: kila chupa imemgharimu shilingi 1,525. Yeye huiuza kwa 1,500, kwa sababu ndivyo jirani yake anavyouza. Jioni ana shilingi 30,000 mkononi, noti nyingi, naye amefurahi. Kumbe amepoteza 500, tena hakujilipa hata senti moja kwa macho yaliyowashwa na mikono iliyoungua siku mbili!

Namna hiyo mtu hula mtaji wake akidhani anakula faida. Baada ya mipiko sita hashindwi kwa kukosa wateja, ila kwa kukosa fedha za kununua siki. Tena mara nyingi siki ndiyo atakayoipunguza kwanza ili aokoe fedha, na hapo hesabu mbaya huwa sumu chupani. Basi daftari na chakula chema ni jambo moja. Mtoto wa shule aliye darasa la tano aweza kumwandikia mama yake hesabu hizi. Nalo litakuwa somo jema kuliko mengi.

Fedha ni ya nani?

Tuseme wazi neno ambalo wengi hulinong'ona. Kazi ya pilipili ikiwa ndogo huitwa kazi ya jikoni, na baba hapiti hata karibu, maana moshi wake humkohoza. Ikianza kuleta fedha, baba huikumbuka. Huja akasema, “Mama watoto, zile fedha ziko wapi? Kuna jambo langu la haraka.” Mama hawezi kumkatalia, fedha ya chupa huondoka, na mpiko ufuatao haupo. Kwa upande mwingine, wako akina mama wanaozificha fedha hata mume hajui kama ada ya shule imepatikana, na mashaka huingia nyumbani.

Shauri letu ni hili. Mume na mke wakae pamoja kabla ya mpiko wa kwanza, waandike mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kazi yenyewe, yaani siki, chupa na pilipili za mara ijayo. Hilo lisiguswe na ye yote, hata kwa mgeni, hata kwa sikukuu. Fungu la pili ni la nyumba: ada, sabuni, mbolea. Fungu la tatu ni la yule aliyesimama penye moshi, naye asiulizwe amelifanyia nini. Nyumba iliyokubaliana hivyo itaona amani, na kazi itadumu.

Hali kadhalika kwa jamaa na majirani. Kumpa jamaa chupa ni jambo jema, lakini iandikwe kuwa ni zawadi. Zawadi isiyoandikwa huonekana katika daftari kama wizi, na watoto huanza kutazamana vibaya.

Kutoka nyumbani kwenda dukani

Mwisho, mwenye kutaka chupa zake zisimame dukani, hapana budi afuate sheria. Tangu 2019 usalama wa vyakula nchini Tanzania husimamiwa na Shirika la Viwango, yaani TBS, kazi ambayo hapo kwanza ilikuwa ya TFDA. Wengi huogopa jina hilo wakidhani ni la viwanda vikubwa tu. Sivyo. Liko shirika la SIDO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, nalo lina ofisi mikoani. Hufundisha usindikaji wa vyakula, tena huwatambulisha wenye kazi ndogo kwa TBS. Na umewekwa utaratibu wa kuwapunguzia wenye kazi ndogo gharama za alama ya ubora kwa miaka ya kwanza. Waende wakaulize kabla ya kuchapisha karatasi za chupa, ili wasichapishe mara mbili.

Karatasi ya chupa iseme kweli: jina, vitu vilivyomo, uzito, siku ya kutengenezwa na mwisho wa kutumiwa, na mahali ilipotengenezwa. Msione haya kuandika Njombe au Makambako. Mkoa wetu wa Njombe ulitengwa na Iringa mwaka 2012, na watu wa mbali huujua kwa viazi, chai, mbao na maparachichi. Si vibaya wakiujua na kwa pilipili.

Basi, wapendwa, mtu hununua chupa ya kwanza kwa sababu ya rangi yake, au kwa kuwa basi lilisimama. Chupa ya pili huinunua kwa sababu ya kwanza haikumdhuru, na ladha yake ni ile ile aliyoikumbuka. Kazi yenu yaanza kwa chupa ya pili. Pimeni uchachu, andikeni siku, tengeni mafungu, nanyi mtakuwa na kitu cha kuwaachia watoto wenu. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari ya kukausha matunda wakati wa kiangazi, maana tumeulizwa na wengi.